Tiketi ya Mia Mbili

Kwenye kibanda cha bati wameandika kwa rangi nyekundu:
MWANANCHI 200. MGENI 1000. MTOTO BURE.
Nilisimama kidogo, nikijiuliza mimi ni yupi kati ya hao,
kisha nikalipa mia mbili kwa simu,
na Gakuru akanipa kofia ya mjengo yenye ufa.

"Inama," akasema. "Humu hakuna mrefu."

Nyuma yetu Dundori ilibaki na jua lake,
na viazi vilivyorundikwa juu ya madebe kando ya lami,
na mbwa aliyetufuata hadi mlangoni, akakataa.

Ndani, udongo unanuka kama mtungi uliokauka.
Gakuru anamulika kwa simu, betri asilimia thelathini,
anatiririka kama aliyekariri kwa ajili ya mtihani:
hapa walilala watu arobaini, kwa zamu;
hapa palikuwa jiko, na moshi ulipitishwa chini ya mizizi
ukatokea kule mbali, penye ukungu,
ukajifanya ukungu.
Hapa, bomu lilipoanguka msituni, dari ilimwaga vumbi
na hakuna aliyekohoa.
Hakuna aliyekohoa, anarudia, akingoja nishangae.
Nashangaa. Nimelipia.

Mbele yetu kuna watoto wa shule kutoka Lanet.
Mmoja analiita jina lake ili asikie mwangwi.
Udongo si mwamba.
Ukiupa sauti, unaimeza.
Anaita tena, safari hii kwa woga,
na mwalimu anamshika bega, hasemi kitu.

Ninapiga picha alama za panga ukutani,
kali, safi, kama za jana.
"Hizo tulizichonga sisi," Gakuru anakiri,
"za zamani zilimomonyoka na mvua."
Ninaiacha picha. Siifuti.

Ni kwenye kona ya tatu, akiwa ameshaanza kupiga miayo,
ndipo anaposema, kama jambo la kupitia tu:
"Chakula kililetwa na wasichana. Usiku.
Chafya hairuhusiwi. Na sufuria isilie:
ukingo wa kifuniko ulizungushiwa kitambaa."

Twende, anasema.
Twende.
Miguu yangu haina habari.

Jikoni kwa nyanya yangu Wamaitha, kule Bahati,
kila kifuniko kilivaa tambara,
limeshonwa kwa uzi wa gunia, limeiva kwa masizi.
Tulimcheka. Tulisema vifuniko vyake vina kilemba.
Siku moja nikampelekea sufuria mpya kutoka mjini,
zenye vifuniko vya kioo;
wiki iliyofuata nazo zimeshavishwa.
"Vina kelele," alisema,
akaendelea kuchambua maharagwe.
Tukadhani ni kichwa, ni uzee.
Baada ya matanga, shangazi alisema tusafishe jiko,
na aliyeyatia yale matambara motoni
ni mimi.

Sijui.
Wasichana walikuwa wengi, na tambara ni tambara.
Labda kweli alichukia kelele tu,
kama mtu anavyochukia vitunguu.
Miaka themanini na miwili,
na sikumbuki hata mara moja kumsikia akikohoa.

"Una swali?" Gakuru ananiuliza.
Ninalo. Halina mwenyewe tena.
Namwambia hapana.

Nje, mwanga unanipiga machoni kama kofi.
Kuna kitabu cha wageni, kalamu imefungwa kwa kamba:
Jina. Utokako. Maoni.
Jina naandika.
Kwenye Utokako kalamu inasita,
kisha inaandika Nakuru Mjini.
Kwenye Maoni: Pazuri.
Narudisha kofia. Mbwa ananinusa viatu kwa muda mrefu.

Usiku huo nilijipikia ugali, peke yangu, mlango umefungwa.
Nilikishusha kifuniko polepole, kwa vidole viwili,
nikizuia pumzi.

Kikalia.